Ishirini na Sita ya Mzee Eliamani

Siku ya kuniaga nilipostaafu mliniomba niseme neno, nikashukuru kwa soda na blanketi mlilonipa, nikakaa. Mkadhani nimezidiwa na uchungu. Ukweli ni kwamba neno lenyewe lilikuwa refu kuliko shughuli, na nusu yake sijaielewa hadi leo. Sasa niko nyumbani, kuku wamekwisha kula, sina barua ya kujibu, kwa hiyo naliandika. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini, maana hakuna aliyeuliza. Habari za mshahara nazo naziacha; mtu mzima hazungumzi mambo ya aibu mbele ya vijana.

Niliripoti kazini Same katika ile miaka ya themanini ya kupanga foleni ya sabuni bila kujua kama mbele ya foleni kuna sabuni. Mimi ni wa Ngujini, kule Ugweno, nimezoea ukungu. Same ilinipokea kwa upepo wa vumbi ulionivua kilemba palepale stendi. Ofisi yetu ya maji ilikuwa vyumba viwili na Landrova iliyokaa juu ya mawe kwa kukosa matairi. Kazi ilikuwa moja: kujua maji ya mito ya milimani yamepanda au yameshuka kiasi gani, na kuwaandikia wakubwa wa kanda.

Aliyenipokea ni Bwana Mgonja, mkuu wa takwimu, mtu mwembamba aliyevaa sweta kwenye joto la Same na hakuwahi kueleza kwa nini.

"Vua viatu," akaniambia, hata sijakaa.

Nikamtazama. Viatu vile nilikuwa nimeviazima kwa dada yangu kwa ajili ya siku hiyo.

"Tunakwenda mtoni. Huwezi kuandika habari za maji ambayo hujayakanyaga."

Basi siku yangu ya kwanza ofisini niliimalizia ndani ya maji, sketi nimeikunja, nikisoma geji. Geji ni bamba la chuma lenye alama za sentimita, limesimamishwa mtoni. Unaangalia maji yameishia alama ipi, unaandika. Kazi rahisi, mtu angesema. Nilisoma mara tatu nikapata majibu matatu, kwa sababu maji hayatulii, yanapanda na kushuka kila unapotazama. Bwana Mgonja akasema hivyo ndivyo yalivyo, subiri, tazama katikati. Kisha akanipa penseli.

"Si kalamu, Nakijwa. Kalamu ni ya watu wasiokosea."

Tulikuwa na mashine ya kujumlishia ya mkono, ile ya kuzungusha, na karatasi za grafu tulizochora pande zote mbili. Penseli ikibaki kipande, tulikichomeka kwenye kijiti cha mtete tukaendelea nacho mpaka risasi yenyewe iishe. Bahasha tuligeuza ndani nje tukagundisha upya kwa uji wa muhogo. Hatukutupa kitu. Mnisamehe kuwachosha na mambo ya vibahasha, lakini tabia hiyo ndiyo iliyokuja kuniponza.

Mto wetu mgumu ulikuwa kule juu, upande wa Mamba, na msomaji wa geji yake alikuwa Mzee Eliamani. Wasomaji wa geji hawakuwa waajiriwa hasa. Walikuwa wanakijiji waliokaa karibu na mto, wakisoma asubuhi na jioni, wakijaza kadi, wakipata posho ndogo. Kwa Mzee Eliamani hiyo ilikuwa kazi ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya ukoo wake tangu kwa babu yake: alikuwa mgawa maji wa ndiva. Ninyi mliozaliwa na bomba, ndiva ni bwawa la udongo na mawe ambalo mfereji hulijaza usiku, asubuhi likafunguliwa na maji yakaenda mashambani kwa zamu. Mgawa maji ndiye anayesema leo nani, kesho nani, na kwa muda gani. Akishukiwa kupendelea hata mara moja tu, amekwisha.

Kadi zake za kwanza zilinitoa jasho. Ilikuwa kiangazi, mito yote imekonda, naye ananiandikia sentimita mia moja ishirini na nne. Nilipanda lori la tangawizi nikaenda kumwona. Nilimkuta ukingoni mwa ndiva na ufito wake mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Za Same? Bado lipo jua?"

"Lipo mzee. Nimekuja kwa habari ya kadi. Umeniandikia mia na ishirini na nne. Maji yangefika hapo, lile daraja la miti lingekuwa limeshafika Mkomazi."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Hiyo ndiyo sehemu kavu, mama. Nimekuandikia sehemu kavu."

"Kwa nini kavu?"

"Maji yaliyopo kila mtu anayaona. Mgawa maji anaulizwa yaliyopungua."

Na kweli, ndivyo walivyopima ndiva yao. Alichomeka ufito, akasoma kuanzia juu kuja chini, viganja vingapi vimebaki kabla ya kujaa. Geji ilikuwa na urefu wa sentimita mia na hamsini, na yeye akaisoma hivyohivyo, kutoka juu. Nilizirudia kadi zote nikatoa: mia na hamsini kutoa mia na ishirini na nne, ishirini na sita. Zilikuwa sahihi zote. Nikamwelekeza aanzie chini, akasema sawa, ingawa aliona ni njia ya watu wasiojua shida ya maji. Tangu siku hiyo hakukosea tena. Aliandika sentimita kamili tu, nusu aliidharau. "Nusu ni ya wenye macho ya kijana," alisema.

Miaka ikaenda. Ikaja enzi ya ruksa. Maduka ya Same yakajaa sabuni za rangi zote, mitumba ikamwagwa chini sokoni siku za gulio, na watu waliokuwa hawana viatu wakawa wanachagua. Ofisini kwetu ruksa ilifika kwa sura ya kompyuta, katika boksi lililokuwa na maandishi ya nchi nne. Bwana Mgonja aliitazama siku mbili bila kuigusa. Siku ya tatu akasema yeye macho yake yamechoka, nimpishe, aende mtoni. Mimi nikapelekwa kwenye mafunzo Dar es Salaam, miezi mitatu, nikarudi nikiwa nimechanganyikiwa kwa mpangilio zaidi kuliko nilivyokwenda.

Nitajaribu kuwaeleza kilichonichanganya, kwa sababu ninyi siku hizi hamkioni kabisa; mambo hayo yanajimaliza yenyewe huko chini. Namba ndogo, mpaka mia mbili hamsini na tano, inaingia kwenye baiti moja; tuseme kikopo kimoja. Ikizidi hapo unahitaji vikopo viwili: kimoja kinahesabu zimo mia mbili hamsini na sita ngapi, cha pili kinabeba mabaki. Mpaka hapo nilielewa. Nilichoshindwa ni kwamba watengenezaji wa mashine hawakukubaliana kikopo kipi kitangulie. Mashine kubwa ya ofisi ya kanda ilitanguliza kile cha hesabu kubwa. Yetu ya Same ilitanguliza cha mabaki. Nilimuuliza mkufunzi kwa nini watu wazima wenye elimu wasikae wakakubaliana. Akanijibu kwamba swali hilo halimo kwenye mtihani.

Sasa kanda waliagiza tutumie programu moja, wao na sisi. Ilikuja kwenye disketi, haijajengwa, maandishi matupu, na kila ofisi ilitakiwa kuijenga, yaani kuyageuza maandishi hayo yawe programu inayofanya kazi, kwenye kompyuta yake. Aliyeiandika alikuwa mwerevu. Alijua mashine hazilingani, akaweka utaratibu: programu kabla ya kujengwa iiulize mashine maswali kadhaa. Mojawapo lilikuwa la vikopo. Iliandika namba moja kwenye vikopo viwili, kisha ikachungulia kikopo cha kwanza. Ikikuta moja, mashine hii hutanguliza mabaki, basi programu itavigeuza kabla ya kuandika kwenye disketi. Ikikuta sifuri, hutanguliza kikubwa, haina haja ya kugeuza. Hivyo disketi za ofisi zote zingesomeka kwa namna moja. Majibu yaliwekwa kwenye faili moja, ili ukijenga tena usiulize upya. Na karatasi ya maelekezo ilisema wazi: ukihamia mashine nyingine, futa kwanza faili la majibu.

Niliisoma hiyo karatasi. Nataka hilo lijulikane. Niliisoma.

Lakini maswali yale kwenye kompyuta yetu yalichukua karibu saa nzima, na kujenga kwenyewe saa nne, na umeme ulikuwa wa mgao. Mara ya kwanza ulikatika wakati wa kujenga. Mara ya pili ulikatika katikati ya maswali. Mara ya tatu nilichungulia kwenye disketi za kanda, nikaona faili la majibu la mashine yao limo humo, limekamilika, kila swali limejibiwa vizuri. Nikasema moyoni, kitu kizima namna hii nakifuta kwa nini? Mtu aliyegeuza bahasha miaka kumi hafuti kirahisi. Nikaliacha. Programu ikachukua majibu ya mashine nyingine, ikajengwa kabla ya umeme kukatika, haikulalamika hata kidogo. Nikamwambia Bwana Mgonja tayari, naye akanipongeza kwa chai na andazi.

Tulianza na mto mmoja kwa majaribio, ule wa Mzee Eliamani, kwa sababu kadi zake zilikuwa safi kuliko za wengine wote. Niliingiza sentimita zake, programu ikazigeuza kuwa milimita, nikazisoma tena kwenye kompyuta ileile, zikatoka sawasawa. Nilifurahi. Sikujua kwamba zilitoka sawa kwa sababu aliyezipanga kinyume ndiye aliyezisoma kinyume. Disketi nilituma kanda pamoja na kadi zenyewe, kama utaratibu ulivyotaka; huko kadi ziliwekwa kabatini, hakuna aliyezitazama tena. Na kwa vile disketi zilikuwa chache na nafasi ndani ya kompyuta finyu, nilifuta kumbukumbu zangu ili mwezi mwingine upate pa kukaa. Kilichotakiwa kufutwa sikukifuta, nikafuta kilichotakiwa kubaki. Mkinielewa hapo mnishtue.

Miezi mitatu baadaye, katikati ya kiangazi, mhandisi wa kanda akapiga simu. Simu yetu ilikuwa ya kupiga kelele, kwa hiyo Bwana Mgonja na mimi tulisikia wote.

"Huyo mzee wenu wa juu huko anafanya mchezo! Mashine imekataa karibu usomaji wake wote, inasema hauwezekani. Na uliokubalika ni namba moja tu. Moja! Milimita elfu moja na ishirini na tano. Juma hili, juma lile, namba ileile. Mtu anakaa nyumbani anaandika."

Milimita elfu moja na ishirini na tano ni zaidi ya mita moja ya maji, kiangazi, kwenye mto ambao mbuzi anauvuka bila kulowa tumbo. Kadi zilikuwa kanda, na namba nilizoingiza kwa mkono wangu nilikuwa nimekwisha kuzisahau. Kisha likanijia wazo, na kabla sijalipima likawa limeshatoka mdomoni.

"Labda amerudia kusoma kutoka juu, kama alivyofanya zamani."

"Kumbe ana historia!" akasema mhandisi.

Bwana Mgonja alinitazama. Mimi mwenyewe niliona nimesaidia. Kama ningechukua penseli tu, nikatoa elfu moja na ishirini na tano kwenye elfu moja na mia tano, ningepata sentimita arobaini na saba na nusu. Na nusu, Mzee Eliamani hakuwahi kuandika hata moja. Penseli ilikuwa sikioni kwangu.

Barua ya kumsimamisha ilitumwa kijijini, ikasomwa na mtendaji mbele ya watu, kama barua za serikali zilivyosomwa. Posho ile hakuijali sana, nadhani. Lakini iliandikwa kwamba ametoa vipimo vya maji visivyo vya kweli. Watu wakaulizana, na sijui kama ningekuwa wao ningeuliza tofauti: kama anadanganya serikali yenye mashine, sisi wenye ufito atatufanyaje? Haukupita muda nikasikia kwa wachukuzi wa tangawizi pale stendi kwamba wamemwondoa kwenye ndiva. Babu yake, baba yake, kisha yeye, halafu basi. Nilinunua nyanya zangu nikarudi ofisini. Nilijiambia kwamba ni huzuni, lakini kosa ni lake.

Akawekwa msomaji mpya, mwalimu wa shule ya msingi ya palepale, kijana mwenye mwandiko wa kuchapa. Mwezi wake wa kwanza tukatuma. Mhandisi akapiga simu tena, safari hii sauti imepungua. Usomaji wa mwalimu nao umekataliwa, isipokuwa siku chache, na siku hizo zote ni elfu moja na ishirini na tano.

Bwana Mgonja aliweka simu chini polepole. "Watu wawili wasiosemezana hawawezi kutunga uongo mmoja," akasema. "Mwezi ujao kadi zisiondoke mpaka tuzinakili."

Nilizinakili kadi za mwalimu zote kwenye daftari. Majibu ya kanda yalipokuja niliyaweka kando yake, mstari kwa mstari. Kila penye elfu moja na ishirini na tano, mwalimu alikuwa ameandika ishirini na sita. Kila mahali, bila kukosa. Ishirini na sita ni milimita mia mbili na sitini. Nilikaa na namba hizo mbili asubuhi yote, nikizitazama kama ng'ombe anavyotazama geti jipya. Nilijaribu kutoa, kuzidisha, kugawanya. Nilidhani ni kasoro ya vipimo vya Kiingereza. Nilidhani ni virusi, ambavyo wakati huo nilikuwa nimevisikia tu. Bwana Mgonja alidhani ni mhandisi.

Mchana, nikiwa nimeshakata tamaa, nikazivunja kwenye vikopo. Mia mbili na sitini ni mia mbili hamsini na sita moja, na mabaki manne. Moja, nne. Elfu moja na ishirini na tano ni mia mbili hamsini na sita nne, na baki moja. Nne, moja. Nikachukua siku nyingine, sentimita thelathini, milimita mia tatu: moja, arobaini na nne. Nikageuza: arobaini na nne, moja. Inakuwa zaidi ya elfu kumi na moja, mita kumi na moja za maji. Ndiyo maana mashine ya kanda ilikataa. Kwa maji ya kiangazi, ishirini na sita tu ndiyo ilikuwa na bahati mbaya ya kugeuka ikawa kitu kinachowezekana.

Nilimwita Bwana Mgonja, nikamwonyesha. Alifuatilia kwa kidole mara mbili, akavua miwani.

"Kwa hiyo programu yako haigeuzi."

"Haigeuzi, kwa sababu imeambiwa mashine hii inatanguliza kikubwa."

"Nani kaiambia?"

Hapo ndipo nilipolikumbuka lile faili. Sijui niwaeleze vipi. Nilihisi baridi, Same, saa nane mchana. Nilimweleza yote: mgao, disketi, karatasi ya maelekezo, ndiyo, niliisoma. Nikaanza kulia kwa sababu ya Mzee Eliamani, au kwa sababu yangu. Hilo nalo sijalipatia ufumbuzi.

Lazima mkumbuke ruksa haikuleta mitumba peke yake. Ilileta pia kupunguzwa kazi. Mwezi uleule kila ofisi ilitakiwa kupeleka majina, na ofisi yetu tulikuwa tisa, wanaotakiwa kubaki watano. Nilikuwa na watoto wawili na mama mgonjwa Ngujini. Bwana Mgonja aliyajua yote mawili.

"Andika hitilafu ya mtambo," akasema.

"Lakini si mtambo."

"Mtambo hauna watoto. Andika."

Nikaandika kwa penseli, yeye akapitia, nikachapa kwa taipu. Kanda wakakubali haraka sana, maana programu ilikuwa imechaguliwa na wao. Nilifuta faili la majibu, nikaijenga programu upya kutwa nzima, umeme ukanihurumia. Nikaomba barua ya kumsafisha Mzee Eliamani, ikaja, ina muhuri. Niliomba niipeleke mwenyewe.

Nilimkuta nyumbani kwake, anamenya tangawizi kwa kijiko. Alikuwa amekonda. Salamu zilikwenda kama kawaida, shikamoo na marahaba, za safari na za watoto. Nikamkabidhi barua. Hakuifungua.

"Ile nyingine haikusomwa hapa ndani," akasema. "Ilisomwa mbele za watu. Kesho asubuhi ndiva inafunguliwa. Utaisoma pale."

Nikalala palepale kwao, chumba kimoja na mkewe. Asubuhi walikuwapo watu kama arobaini, majembe begani, ndiva imejaa hadi mdomoni. Mgawa maji mpya alikuwa amesimama kando, amekosa mahali pa kuweka mikono yake. Nilisoma barua. Hakuna aliyeelewa. Nikajaribu kueleza vikopo viwili, kimoja mbele kimoja nyuma, nikaona nyuso zinavyopotea moja baada ya nyingine, nami nikaanza kupotea pamoja nazo. Mwisho mama mmoja mzee, mjane aliyekuwa na shamba la chini kabisa, ambalo maji hulifikia mwisho, akanikata.

"Mwanangu, hayo ya vikopo tuachie. Sisi tulimwondoa mtu hapa. Tunataka kujua jambo moja. Nani alikosea?"

Mzee Eliamani alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, ametazama maji.

Nilikuwa nimekuja kusema. Wallahi, njia nzima juu ya magunia nilikuwa najifunza kusema. Nikafungua mdomo.

"Kompyuta," nikasema.

Wakapumua. Mmoja akacheka, wengine wakafuata, wakaanza kuitania ile kompyuta wasiyoiona, kwamba ikalime, kwamba ipewe zamu ya maji ya mwisho. Mgawa maji mpya akampa Mzee Eliamani ufito, na inaonekana alifurahi kuliko wote. Mzee akauchomeka, akasoma kutoka juu kuja chini, akataja jina la mtu wa kwanza. Wakafungua.

Alinisindikiza hadi barabarani mwenyewe, amebeba mfuko wa tangawizi niliokataa mara mbili. Lori lilipokuja alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ahsante, mama. Wengine wangetuma barua. Wewe umekuja kusimama mbele za watu, ukanirudishia jina."

Nikasema, karibu mzee. Ndivyo nilivyosema, karibu, kama mtu aliyemkaribisha chai.

Orodha ya kupunguzwa ilifungwa mwisho wa mwezi huo, jina langu halikuwamo. Bwana Mgonja alijiandikisha mwenyewe miongoni mwa wanaoondoka, akasema amechoka, na sikujua wakati ule, wala sijui sasa, kama alichoka au alinipisha. Nikabaki. Sikuwa tena na cha kuogopa. Mzee Eliamani aliendelea kusoma geji ile miaka mingi, kadi zake zikifika kila mwezi, sentimita kamili, bila nusu. Kila mwezi nami nilimtumia kadi tupu za mwezi unaofuata, na nyuma ya ile ya juu niliandika maneno mawili matatu: tumepokea, tunashukuru, wasalimie nyumbani. Nafasi ilikuwepo ya kutosha kuandika na lile lingine.

Vijana, mkihamisha programu kwenda mashine nyingine, futeni majibu ya zamani, muiache mashine ijibu yenyewe, hata ikichukua siku nzima. Hilo ndilo la kazini. La pili si la kazini. Nilikosea mimi, siyo kompyuta, na Mzee Eliamani alizikwa akinishukuru.